Kona Tuliyoibana

Vijana wa karakana, mlipokuja nyumbani kwangu Bigwa siku chache baada ya mimi kuagwa kazini, mliniomba niwaandikie mambo ya reli yetu ndogo yasije yakapotea. Mkaniachia daftari jipya na kalamu mbili, mkamaliza chai yote, mkaondoka. Nadhani mlitaka vichekesho vya zamani. Vipo, na vichache nitaviweka. Lakini nimelishika daftari hili nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuwaficha. Nataka jina la Hamisi Banzi, dereva wa kichwa chetu cha treni namba mbili, lisafishwe. Alifukuzwa kazi akiwa amekwisha kupoteza mguu, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Najua halikuwa lake kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu kosa lenyewe lilipita mikononi mwangu. Ila kwanza muijue njia ilivyokuwa, maana asiyeijua njia hawezi kuelewa jinsi tulivyomdhulumu yule mtu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini, nimeshuka kutoka milimani Uluguru na begi la kitambaa na kandambili miguuni. Shamba la mkonge la upande wa Mikese lilikuwa linatafuta watu wa genge la njia. Genge, kwa msiojua, ni wale wanaotengeneza reli, si wale wanaopanda juu yake na kupunga mikono. Nyapara wetu alikuwa Mzee Masanja, Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa huku kukata mkonge akasahau kurudi. Siku ya kwanza aliniangalia miguu kwa muda mrefu.

"Umekuja kazini au umekuja kuoga?"

"Nimekuja kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Waluguru bwana! Mmezoea kupanda milima tu, hata viatu mnaona mzigo. Haya, shika upande ule."

Upande ule ulikuwa wa kipande cha reli. Kufika saa nne kandambili moja ilikuwa imekatika na kidole changu gumba kilikuwa kinavuja damu. Masanja alikiosha kwa maji ya kunywa, akakifunga kwa uzi wa mkonge, akanirudisha kazini. Kesho yake alinipa viatu vyake vya zamani. Vilikuwa vikubwa kwa saizi mbili na nilivivaa mwaka mzima.

Reli yetu ilikuwa na upana wa sentimita sitini. Mtu mzima anaweza kusimama akiwa amekanyaga reli zote mbili na bado akazungumza na mkwewe bila aibu. Wageni waliozoea garimoshi la kwenda bara walikuwa wakiicheka, wakauliza kama ni ya watoto. Ilibeba shamba zima. Kila mahali wakataji walipokuwa, tulilaza reli za kubeba, yaani vipande vilivyokwisha fungwa kwenye mataruma mepesi ya chuma yanayolaliwa na reli, watu wanne kila kipande, katikati ya mistari ya mkonge na miba yake. Majani yakapakiwa, vibehewa vikasukumwa kwa mikono hadi njia kuu, kichwa kikavivuta hadi korona. Korona ni ile mashine ya kukamua majani ikabaki nyuzi. Ilikuwa na jina hilo muda mrefu kabla ya ugonjwa, kwa hiyo acheni kunitania. Jioni tunaziondoa reli, tunazilaza mahali pengine. Mgongo wangu bado unazikumbuka.

Tulibeba kuni, maji ya vitalu vya miche, marobota ya kwenda stesheni. Masika barabara zikigeuka uji, trekta zinalala, sisi tunaendelea. Masika moja tulimbeba mke wa fundi seremala, uchungu umemshika, juu ya godoro ndani ya kibehewa cha mkonge. Dereva alikuwa Hamisi Banzi. Alikuwa kijana wa Kinole, mwembamba, mpole kupita kiasi, mtu wa kufuta kichwa chake kwa kitambaa kila kinaposimama. Aliendesha taratibu mpaka mume akaanza kumfokea.

"Ongeza mwendo, Hamisi! Atazalia humu!"

"Nikiongeza nitamtikisa. Akizalia humu ni heri kuliko kumwangusha."

Tulifika zahanati mtoto akiwa bado hajatoka. Nawaambia hili mapema mjue huyu mtu aliendeshaje.

Sasa kazi. Kila asubuhi mmoja wetu alitembea njia yote kwa miguu akiwa na nyundo ndefu, akigonga misumari. Msumari uliokaza unasikika mkali, uliolegea unasikika mzito. Mkaguzi wa siku hizi anapita kwa pikipiki pembeni mwa njia na kusema ameona. Ameona nini? Kwenye mataruma ya mbao ya njia kuu hakuna cha kuona mpaka umegonga. Baada ya kugonga unapima kwa geji, chuma chetu cha kupimia upana, chenye ncha mbili zinazotakiwa kugusa reli zote kwa ndani.

Na hapo ndipo Masanja alipokuwa na sheria yake. Kwenye mnyoofu, geji. Kwenye kona, geji na kidole. Yaani ukishaweka geji kwenye kona kali, lazima ibaki nafasi ya kuingiza kidole kati ya ncha na reli ya ndani. Nilimuuliza kwa nini tuache njia pana kiasi hicho.

"Kichwa kina kiuno?" akaniuliza.

"Hakina."

"Basi kitakataje kona kama hukukiachia nafasi?"

Magurudumu ya kichwa yamefungwa kwenye fremu moja, hayapindi kama ya gari. Kwenye kona kali ya njia nyembamba yanahitaji upana wa ziada, la sivyo ukingo wa gurudumu unakaba reli, unaisugua, na siku moja unaipanda. Reli kubwa zina kona ndefu za upole, hazihitaji mambo haya, au zinahitaji kidogo sana. Sisi tulikuwa na kona ya korongo, karibu na daraja dogo, ambayo mtu wa mbele hamwoni wa nyuma.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Nilimwambia Masanja mara moja tuiandike, akasema mtu akishaandika anaacha kukumbuka. Nilimpenda sana mzee yule na nilibeba jeneza lake, lakini kwa hili nimemkasirikia mpaka leo. Na nimejikasirikia mwenyewe zaidi, maana yeye kusoma kulimpa taabu na mimi nilikuwa na darasa la saba.

Masanja alipoondoka genge likawa langu. Mwaka uliofuata tukaletewa meneja msaidizi mpya, kijana msomi, ambaye sote tulimwita Injinia. Sitataja jina lake. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa fomu. Wakaguzi wa usalama walikuwa wanakuja, na fomu yao ilikuwa na mstari mmoja wa upana wa njia, namba moja kwa shamba lote. Akatembea na mimi na geji. Mnyoofu wote ukampendeza. Tulipofika kona ya korongo akapiga magoti, akapima, akapima tena, akaniangalia kama aliyemkamata mwizi.

"Hii imepanuka."

"Haijapanuka, Injinia. Imepanuliwa. Kona hii inatakiwa hivyo."

"Imeandikwa wapi?"

Nikamweleza habari ya kichwa na kiuno, na ya kidole. Akacheka, si kwa dharau, akacheka kama unavyocheka hadithi ya bibi yako.

"Bwana Mkude, fomu ina namba moja. Ibane iwe sawa na kwingine. Nataka kabla ya Ijumaa."

Nilipaswa kukataa. Nimejitafutia visingizio vyote tangu siku hiyo, na vyote ni takataka. Nilikuwa na genge langu mwenyewe, watu wananiita Nyapara, na nililipenda neno hilo. Niliogopa kulipoteza. Basi nikachukua watu wanne, tukang'oa misumari, tukasogeza reli ya ndani kwa mitalimbo, tukapigilia upya. Ilituchukua siku mbili. Geji ikakaa sawasawa bila nafasi hata ya ukucha, na Injinia akapiga picha.

Hamisi alinifuata siku hiyohiyo ya kwanza aliyopita pale.

"Mkude, mmefanya nini kona ya korongo? Inalia."

"Ni agizo. Pita taratibu."

"Taratibu zaidi ya hapo nitashuka nisukume."

Tukapaka oili chafu kwenye reli kupunguza kelele. Ndivyo nilivyotibu ugonjwa niliouleta mwenyewe. Kila kichwa kilipokuwa kinapita nilijikuta nimesimama pale korongoni na nyundo, nikijifanya nina kazi. Ndiyo maana siku yenyewe nilikuwapo, hatua kumi na tano kutoka kwenye reli, saa tatu asubuhi, jua limewaka, hakuna mvua wala ukungu wa kusingizia.

Hamisi alikuwa anashuka na vibehewa kumi na viwili vilivyojaa mkonge. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Naandika tena ili asiwepo wa kusema hakusoma: mwendo wa mtu anayetembea. Mkono wake ulikuwa kwenye breki. Gurudumu la mbele la nje lilikaba, likalia, kisha kelele ikakatika ghafla, nami nikajua limepanda. Mzigo wa nyuma ukasukuma. Kichwa kikainama upande wa korongo kama ng'ombe anayelala, kikamlalia mguu. Tulikiinua kwa mitalimbo ileile. Hakupiga kelele. Alikuwa anarudia neno moja tu, "Imebana, imebana," na sikujua kama anasema mguu au kona.

Akapelekwa hospitali mjini Morogoro, na mguu ukakatwa juu ya goti.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Ofisi kuu ilituma watu watatu kuchunguza. Siku moja kabla hawajafika, Injinia alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Ile kona irudishe ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa lini?"

"Ilivyokuwa mwanzo. Na hicho kidole chenu."

Kumbe alikuwa amepiga simu kuuliza wenzake, na wenzake walimwambia kona kali lazima ipanuliwe. Nikamwambia basi tuwaambie wachunguzi ukweli. Akaniangalia.

"Mimi nilitoa agizo kwa mdomo. Wewe ndiye uliyeshika nyundo. Watamfunga nani, Mkude?"

Tulikuwa tumeibana kwa siku mbili, na tuliifungua kwa asubuhi moja. Woga unaharakisha kazi. Watu wangu wanne hawakunitazama usoni, na wawili kati yao wameshakufa bila sisi kulizungumza tena.

Wachunguzi wakaja na geji yao. Bahati mbaya ya Hamisi, safari hii walikuja watu wanaojua kazi. Wakapima kona, wakaikuta pana kama inavyotakiwa, wakamsifu nyapara. Walikuwa na maelezo ya Hamisi aliyoyatoa akiwa kitandani: kona ilibana. Wakayasoma, wakapima tena, wakatikisa vichwa. Kwa hiyo hakuwa mzembe tu, alikuwa mwongo pia. Wakaandika kwamba chanzo ni mwendo kasi. Wakanipa karatasi nitie sahihi kama shahidi wa pekee aliyeona, nami niliyeona mwendo wa mtu anayetembea nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Hamisi akafukuzwa kwa barua iliyopelekwa wodini. Injinia akahamishwa mwaka uliofuata kwenda mahali pazuri zaidi. Mimi nikabaki na njia yangu, na nitawaambia jambo moja la kusikitisha: niliitunza vizuri sana. Nadhani hakuna kona ya korongo iliyopimwa mara nyingi kama ile. Wakati mashamba mengine yanang'oa reli na kuziuza vyuma chakavu, yetu iliendelea. Mmekuja ninyi, nikawafundisha kidole, nikawaandikia na ubaoni, nanyi mkaninukuu kana kwamba mimi ndiye mwenye hekima.

Kisha ikaja siku ya kuniaga. Mlikuwapo, mlikula pilau. Meneja wa sasa, ambaye hata hakuwa amemaliza shule wakati wa ajali, alisimama akasoma jalada langu. Akasema miaka yote ya Mzee Mkude njia haijawahi kuwa chanzo cha ajali. Akasema kulikuwa na ajali moja tu, ya uzembe wa dereva. Mkapiga makofi. Mimi nikasimama, nikaweka koti sawa, nikasema asanteni sana. Nimekaa na asante hiyo siku nyingi sasa.

Jumatatu iliyofuata nilirudi ofisini. Meneja alinipokea kwa heshima, akainuka kabisa.

"Shikamoo mzee. Umesahau kitu?"

"Marahaba. Ndiyo, nimesahau kusema ukweli."

Nikamwambia yote, kama nilivyowaandikia hapa. Akaagiza jalada, akalifungua, akageuza karatasi ile iniangalie.

"Mzee wangu, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Ndiyo maana nimekuja."

"Sasa niamini sahihi au nikuamini wewe?"

"Sahihi niliiweka kwa woga. Leo hakuna aliyenileta."

Akafikiri kidogo, kweli alifikiri, simwonei. Kisha akasema kampuni imebadilisha wenyewe mara mbili, aliyefukuza hayupo, jalada limefungwa, na mimi nimechoka, nipumzike. Akanisindikiza hadi getini na kuniitia bajaji. Kijana mwenye adabu, nami nilitamani kumtupia nyundo.

Niliendelea moja kwa moja hadi Kinole. Bodaboda ilinipandisha mpaka njia ilipokwisha, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta Hamisi barazani kwake, magongo yameegemezwa ukutani, anabandua magome ya mdalasini kwa kisu kifupi. Mvi kichwa kizima. Hakusimama, na hakuonekana kushangaa.

"Mkude. Umezeeka."

"Nimezeeka, Hamisi."

"Mama Zuhura, leta mkeka, tuna mgeni wa reli."

Mkewe akaleta mkeka, akanisalimia, akarudi jikoni. Nikamwambia Hamisi kwamba tuliibana kona kwa agizo. Akaendelea kubandua.

"Hilo nalijua. Nilikwambia inalia."

Nikamwambia kwamba tuliifungua siku moja kabla ya wachunguzi. Kisu kikasimama.

"Mliifungua?"

"Tuliifungua."

"Kumbe mliifungua." Alikiweka kisu chini, polepole. "Walinisomea kule wodini kwamba kona imepimwa na iko sawa. Nikasema haiwezekani. Wakanisomea tena. Mkude, nimekaa hapa miaka yote hii nikijiuliza kama nilikuwa nakwenda kasi. Nikawa naiendesha kichwani ile safari, kila siku, mpaka nikaanza kuamini. Nilimwambia mke wangu, labda kweli niliongeza mwendo. Nilimwambia hivyo."

Nilimwomba msamaha na maneno yakatoka membamba. Hakunipa na hakuninyima. Alichukua tena kisu chake, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza habari za mvua.

"Na huko karakana, wananikumbuka?"

Ninyi mnajua jibu lake. Kichwa kikikimbizwa, au mtu akibamiza behewa, mnapiga kelele, "Usitufanyie Banzi!" Wengi wenu hamjui hata kama Banzi ni mtu. Ningeweza kumdanganya, na nilikuwa na uzoefu wa kutosha. Nikamwambia neno lenyewe kama lilivyo.

Akatikisa kichwa kidogo, mara mbili.

"Na wewe ulikuwa unalisema?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nalisema. Na kwamba wa kwanza kulisema pale karakana, wiki ileile aliyofukuzwa, ili watu wacheke wasiniulize maswali, nilikuwa mimi.